Gramu 143 kwa Ndoo: Hesabu ya Klorini Wakati wa Ebola Kivu

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 ulichukua karibu miaka miwili na kuua watu 2,287. Katika muda huo wote, vituo vya matibabu vilihitaji klorini kila siku, tena ya nguvu mbili: asilimia 0.05 ya kunawia mikono, na asilimia 0.5 ya sakafu, mabuti na miili ya marehemu. Nguvu hizo zinatofautiana mara kumi, lakini kwa macho huwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana kanuni ilitaka kila pipa liandikwe nguvu yake.

Hesabu huanzia kwenye lebo ya unga wa klorini. Asilimia 0.5 ni gramu 5 za klorini katika kila lita. Unga huo, uitwao HTH, ukiwa na asilimia 70 si klorini tupu, kwa hiyo 5 unaigawa kwa 0.7, unapata gramu 7 na ushee kwa lita. Ndoo ya lita 20 inataka gramu 143; ya kunawia mikono, 14 tu. Sasa shehena mpya ikija na unga wa asilimia 35, na mchanganyaji akaendelea kupima gramu zilezile, mchanganyiko unatoka na nusu ya nguvu. Harufu bado itakuwa kali, na hakuna atakayeshtuka.

Maji hutangulia kwenye ndoo ya plastiki, kisha unga hutiwa taratibu, mtu akiwa amevaa glavu, miwani na barakoa, mahali penye hewa. Unakoroga, unaacha mashapo meupe yatuame, unachota maji ya juu. Ukiyachota na mashapo yake, pampu ya kupulizia itaziba.

Kosa ninalolichukia zaidi ni la kuongeza unga "ili iue vizuri." Klorini iliyozidi huunguza macho na mapafu ya anayefagia wodi, na ngozi ya mikono ikichanika inakuwa mlango wa vijidudu. Halafu haisaidii juu ya uchafu, kwa sababu damu na matope huila klorini kabla haijafika kwenye kirusi. Safisha kwanza. Jua nalo huidhoofisha, kwa hiyo ya jana humwagwa.

Nyumbani hesabu ni hiyohiyo. Jik (klorini ya maji) ya asilimia 3.5 ukitaka ifike 0.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji; ukitaka 0.1 ya kufutia meza, kimoja kwa 34. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, maana gesi inayotoka inaweza kuua.

Wakuu wa zahanati na shule, wanunulieni wasafishaji wenu mzani mdogo na jagi lenye alama za mililita, na bandikeni hesabu ukutani wanapochanganyia.