Muthaiga Club: Historia Bila Weita

Kiamaiko tukisema "hoteli" tunamaanisha pale kwa meza ya mbao, chai ya maziwa, chapo na supu ya mbuzi. "Klabu" nayo, kwa wazee wetu, ni mahali pa busaa. Kwa hivyo nilipoanza kusoma historia ya Muthaiga Club, ambayo iko tu ng'ambo ya Thika Road, ilibidi nijifunze hayo maneno upya.

Klabu ilifunguliwa 31 Desemba 1913, kwa ajili ya walowezi. Hadithi yake inayojulikana zaidi ni ya Lord Erroll. Usiku wa 23 Januari 1941 alikula pale na Diana, mpenzi wake, pamoja na mume wa Diana, Sir Jock Delves Broughton. Broughton akainua glasi, akawatakia heri. Saa chache baadaye Erroll alipatikana ndani ya gari lake upande wa Karen, amepigwa risasi. Broughton alishtakiwa, akaachiliwa.

James Fox aliandika kisa hicho katika White Mischief (1982), na Michael Radford akakifanya filamu mwaka wa 1987. Kitabu ni kitamu, sitadanganya. Nilikimaliza kwa siku mbili. Lakini swali lake ni moja tu: nani alifyatua? Langu ni lingine: nani alibeba sahani? Mtu alisimama nyuma ya ile meza, akasikia ile heri ikitakiwa, kisha akaenda kulala mahali fulani. Kwenye hadithi hizi, wafanyakazi wanahitajika wakiwa wameona kitu kuhusu wakubwa. Usiku wao wenyewe hauna mwandishi.

Out of Africa (1985) ya Sydney Pollack, iliyobeba Oscar saba, inafanya ujanja mzuri zaidi. Karen anatolewa kwenye baa ya wanaume. Mwishoni wanaume haohao wanamkaribisha anywe nao. Nilitokwa na machozi kidogo. Halafu nikashtuka: mlango umefunguka kwa mwanamke mmoja mweupe, na sisi tumebaki upande wa trei, na bado filamu inataka tushangilie.

Kinachouma ni kwamba Meja Mwangi alifanya kazi kwenye utengenezaji wa filamu hiyo. Huyu ndiye aliyeandika Going Down River Road (1976), ambamo Ben na Ocholla wanajenga Development House, jengo ambalo halitakuwa lao. Jicho la kumwona weita lilikuwa palepale. Halikuulizwa.

Kuna njia nyingine. Luise White, katika The Comforts of Home (1990), aliketi na akina mama wazee wa Pumwani na Pangani akawaacha wasimulie Nairobi yao ya ukoloni: kodi, vyumba, wateja, polisi. Ni Nairobi ileile ambayo baraza la mji liliendesha ukumbi wake wa pombe Pumwani tangu miaka ya 1920, Mwafrika anywe akiwa anaonekana. Hapo ndipo unaelewa kwamba klabu mbili, ya Muthaiga na ya Pumwani, ni historia moja yenye milango miwili.

Naandika hivi nikiwa na deni. Babu yangu alikuwa weita kwenye klabu ya wazungu. Nilikuwa campo nikisoma nadharia za watu wa mbali alipofariki, na sikuwahi kumuuliza hata jina la msimamizi wake. Campo pia niliiacha. Nadharia zimenitoka, lakini hilo swali halijatoka.

Siku hizi Jumapili nakaa hotelini karibu na machinjio na mzee mmoja aliyewahi kubeba trei. Namnunulia supu, naweka simu mezani, narekodi. Anaanza na miguu: jinsi ilivyouma. Hakuna filamu niliyoona ikianza hapo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu kama huyo, muulize wiki hii.