Do-ti-do-la kwenye gitaa la umeme

Mwanakwaya anayesoma solfa atautambua wimbo huu kwa silabi nne: do, ti, do, la. Juu ya noti hizo Mykola Leontovych alijenga "Shchedryk", wimbo wa Mwaka Mpya wa Ukraine ulioimbwa Kyiv mwaka 1916. Mwaka 1936 Peter Wilhousky aliupa maneno ya Kiingereza yanayohusu kengele, na Wamarekani wakaufanya wa Krismasi. Kisha mwaka 1995 Savatage, bendi ya hevi metali ya Florida, ikauingiza kwenye albamu yake Dead Winter Dead bila mwimbaji hata mmoja, ikiuunganisha na wimbo mkongwe wa Kiingereza, "God Rest Ye Merry, Gentlemen". Mwaka uliofuata rekodi hiyohiyo ilitolewa tena kwa jina la Trans-Siberian Orchestra, na ndivyo wengi wanavyoijua.

Husemwa kwamba bendi iliuongezea wimbo uzito. Kwa maoni yangu, uzito ulikuwamo tangu kwa Leontovych. Alikichukua kipande kifupi akakizuia kisibadilike, akayaacha mabadiliko yote yatokee chini yake: sauti nyingine zinashuka ngazi kwa ngazi, na do ileile inasikika mara tulivu, mara ya kuchoma moyo. Mpiga gitaa wa metali anaijua kazi hiyo vizuri. Naye hurudia kipande kifupi bila kuchoka huku besi ikihama.

Ugumu unaanza kwenye amplifaya. Ikisukumwa kupita kiasi, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, ndipo mkwaruzo unapotokea. Noti mbili zikipita humo pamoja huzaa noti nyingine ambayo hakuna aliyeipiga. Chukua la na mi ya juu yake: mitetemo yao ni kama 2 kwa 3, na tofauti yake, 1, ni la nyingine, oktava moja chini. Sauti inanenepa bila ugomvi. Sasa chukua la na do, nafasi ambayo wimbo wote umejengwa ndani yake. Hapo uwiano ni 5 kwa 6, na tofauti inaangukia karibu na fa ya chini sana, noti isiyo na nafasi kwenye la-do-mi. Kwa hiyo huwezi kuzibana sauti nne za kwaya ndani ya gitaa moja lenye mkwaruzo; utapata tope. Gitaa lipewe mstari mmoja, au la na mi tu, na sauti za katikati zibebwe na fidla na kinanda. Okestra kwenye rekodi hii inafanya kazi ya lazima, na anayeiita pambo amekosea.

Mkwaruzo una gharama nyingine pia. Kwaya hupanda kwa kuongeza watu na pumzi, kutoka mnong'ono hadi kishindo. Gitaa lililokwisha kukatwa vilele halipandi hivyo: ukilichapa kwa nguvu zaidi, linazidi kukwaruza tu. Basi ngazi lazima ijengwe kwa ala. Paul O'Neill, aliyeutunga upangaji huu pamoja na Jon Oliva na Robert Kinkel, alieleza kwamba chelo moja ni mtu mmoja mwenye matumaini, okestra ni upande mmoja wa vita, bendi upande wa pili. Alikuwa akimfikiria Vedran Smailović, aliyepiga chelo katika magofu ya Sarajevo mwaka 1992. Hadithi hiyo inanigusa, na kiufundi imewapa walichokihitaji hasa: sauti ndogo isiyo na mkwaruzo ya kuanzia.

Walichopoteza ni mapigo. Do ya kwanza na la ya mwisho ni ndefu, ti na do za katikati ni fupi, hivyo kipande kinaweza kuhesabiwa mapigo matatu au kugawanywa nusu mbili zilizo sawa. Waimbaji wanaweza kuziacha hesabu zote mbili zikiishi pamoja, na utamu mwingi wa "Shchedryk" unatoka hapo. Ngoma haiwezi. Ikilia, imekwisha kuchagua, na msikilizaji hana budi kuifuata. Ningependa mpiga ngoma angeziacha walau duru mbili za kwanza zipite bila yeye, gitaa na fidla zikivutana zenyewe juu ya hesabu hizo, ndipo aingie.