Mwezi Mtupu Nao Huhesabiwa

Mtu wa kawaida akifungua leja ya amoksilini ya zahanati ya kijijini ataona namba tu: zilizopokelewa, zilizotoka, zilizobaki. Mfamasia wa halmashauri akiishika leja hiyohiyo, jicho lake linakimbilia penye sifuri. Tuseme kwa miezi mitatu zimetoka kapsuli 600. Asiyeijua kazi atagawa kwa tatu, aagize 200 kwa mwezi. Mjuzi anaona kwamba mwezi wa tatu rafu ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo zile 600 ziliisha ndani ya miezi miwili. Mahitaji ya kweli ni 300. Akiteleza hapo, uhaba wa robo hii ndio utakaokuwa kipimo cha robo ijayo: zahanati itaishiwa tena, na makaratasi yataonyesha kwamba kila alichoomba mganga mfawidhi alipewa.

Naanzia kwenye hesabu hii kwa sababu sifa za ununuzi wa pamoja huwa zote zinakwenda kwenye bei. Bei inashuka, sikatai. Anayeagiza kwa ajili ya mkoa mzima hasikilizwi sawa na anayetafuta maboksi mawili. Lakini oda kubwa iliyojumlishwa kutoka hesabu mbovu ni kosa lilelile, limenunuliwa kwa bei nafuu.

Dodoma ndiko Jazia, mfumo wa mikoa wa ununuzi huo wa pamoja, ilikoanzia mwaka 2014, kwa msaada wa Uswisi. Kwa kawaida kituo cha umma kinaagiza kwanza Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Shida ilikuwa pale oda ya vitu kumi inaporudi na sita. Vile vinne kila kituo kilivihangaikia kivyake, kikizunguka madukani kukusanya profoma. Chini ya Jazia, mkoa unampata mshitiri mmoja, yaani msambazaji, kwa zabuni, bei zinafungwa kwenye mkataba, na kinachoagizwa kwake ni kile tu kilichokosekana Bohari. Kufikia 2018 mfumo ulikuwa umepelekwa mikoa yote ya Tanzania Bara.

Maelezo hayo yanatosha aya moja. Kuijumlisha oda yenyewe kunakula siku. Huyu kaandika chupa, yule kaandika katoni, mwingine kaandika namba tupu. Chukua glavu za kupimia wagonjwa: boksi lina vipande 100, yaani jozi 50. Sasa fomu imeandikwa “glavu 50”. Mfamasia anaweza kukisia, apate boksi moja au maboksi hamsini. Wazuri hawakisii, wanapiga simu.

“Shikamoo, Sista. Hizi glavu 50 ni boksi au jozi?”

“Marahaba, mwanangu. Jozi! Maboksi hamsini nitayalaza wapi, wodini na wazazi?”

Simu ya dakika moja imeokoa fedha za dawa za malaria. Hakuna ripoti itakayoitaja.

Kisha inakuja kazi ninayoiheshimu kuliko zote: kukata. Fedha za kituo hazitoshi, lazima kitu kipungue. Dawa ya uchungu, oksitosini, haiguswi, maana ndiyo inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Hata hivyo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na pale ambapo friji ni ya kubahatisha, mfamasia mwenye akili hapunguzi dozi za mwaka. Anazigawa, zipelekwe chache chache, mara nyingi zaidi. Ustadi huo nao una mpaka. Mshitiri asiyelipwa kwa wakati hupunguza mwendo, hata oda iwe safi namna gani.

Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi inahesabu, inalinganisha namba za toleo na hati ya kupokelea, kisha inasoma tarehe za kuisha muda, katoni kwa katoni. Hapa mfamasia anafanya mgawanyo ambao kwa mgeni utaonekana upendeleo wa kinyumenyume: katoni iliyobakiza miezi minne anaipeleka hospitali ya wilaya, penye foleni ndefu, ambako itaisha kabla ya mwezi kwisha. Ile yenye miaka miwili mbele yake inapanda gari kwenda zahanati ndogo.