Namna Figo Zinavyochuja Damu na Kutengeneza Mkojo

Figo mbili za mtu mzima hupitisha zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, karibu sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo vyenye mirija, zipatazo milioni moja, na ndizo zinazochuja damu hiyo.

Katika kila nefroni, damu huingia kwanza katika glomerulasi, fundo la kapilari lililomo ndani ya kapsuli ya Bowman. Mshipa unaoitoa damu humo ni mwembamba kuliko ule unaoiingiza, hivyo shinikizo hubaki kubwa na kusukumia nje maji, chumvi, glukosi na urea. Seli za damu na protini kubwa hazipiti. Ajabu ni kwamba hapa hakuna uchaguzi wa kizuri na kibaya. Chochote kilicho kidogo hupenya, na kwa siku majimaji hayo hufikia lita 180 hivi.

Jambo hili lilibishaniwa sana. Katika karne ya 19 Carl Ludwig alishikilia kwamba glomerulasi huchuja tu, ilhali Rudolf Heidenhain aliamini kwamba seli za figo zenyewe ndizo zinazotoa mkojo. Mwaka 1924 Joseph Wearn na Alfred Newton Richards wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa ushahidi kutoka kwa chura. Wakitazama kwa hadubini, walichoma kapsuli moja kwa mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno, wakanyonya majimaji kidogo. Hayakuwa na protini, ila yalikuwa na sukari. Mkojo wa kibofuni haukuwa na sukari. Maana yake ni kwamba sukari ilichujwa, kisha ikarudishwa njiani.

Sehemu ya mwanzo ya mrija wa nefroni hurudisha kwenye damu takriban theluthi mbili ya maji na sodiamu, na karibu glukosi yote. Uwezo huo una kikomo, ndiyo sababu mkojo wa mwenye kisukari huweza kuwa na sukari. Baadhi ya vitu, kama asidi na penisilini, seli za mrija huviongeza zenyewe.

Sehemu inayofuata ya mrija, kitanzi cha Henle, katika upande wake unaopanda, hutoa chumvi bila maji, na tishu za ndani ya figo zikakolea chumvi. Mirija ya kukusanyia mkojo hupita humohumo. Mwili ukipungukiwa maji, homoni ya ADH huifanya mirija hiyo ipitishe maji, nayo huvutwa na chumvi ile kurudi mwilini. Homoni ikipungua, mkojo hutoka mwingi na mwepesi. Kwa kawaida kinachofika kibofuni ni lita moja hadi mbili kwa siku.