Kuhesabu Tofauti Si Kuhakiki: Mjadala wa Mashabiki kuhusu Mifululizo Miwili ya Fullmetal Alchemist

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, na wa anime, yaani filamu za katuni za nchi hiyo, wana mjadala mmoja ambao haujakoma kwa zaidi ya muongo. Unahusu hadithi moja iliyotengenezwa mara mbili na studio ileile. Manga ya Hiromu Arakawa iitwayo Fullmetal Alchemist ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida la kila mwezi kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, ikakusanywa katika juzuu 27. Studio ya Bones iliitengeneza kwanza mwaka 2003, chini ya uongozi wa Seiji Mizushima, katika sehemu 51. Kisha ikairudia mwaka 2009, chini ya uongozi wa Yasuhiro Irie, katika sehemu 64. Mfululizo huu wa pili unajulikana kimataifa kwa jina la Brotherhood.

Mashabiki wamegawanyika. Upande mmoja unaushikilia mfululizo wa 2009 kwa hoja kwamba ni mwaminifu kwa manga. Upande wa pili unautetea ule wa 2003 kwa hoja kwamba una majonzi mazito zaidi na unawapa watazamaji muda wa kuwajua wahusika. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Makala haya yanadai kwamba hoja inayotumiwa zaidi, ile ya uaminifu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Na kwamba chini yake limefichika swali la kihakiki lenye uzito: je, thamani ya kazi ya sanaa imo katika uzito wa swali inaloliuliza, au katika ukamilifu wa jibu inalolitoa?

2.0 Asili Ambayo Haikuwa Imekamilika

Hoja ya uaminifu inachukulia kwamba palikuwa na asili kamili ambayo mfululizo wa kwanza uliiacha na wa pili ukaifuata. Tarehe zinaikataa dhana hiyo. Mfululizo wa kwanza ulipoanza kuonyeshwa Oktoba 2003, manga ilikuwa haijafika hata nusu ya urefu wake. Sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa Oktoba 2004, Arakawa alikuwa bado na takriban miaka sita ya kuandika. Zaidi ya hayo, Arakawa mwenyewe alitaka anime iwe na mwisho wake, tofauti na ule wa manga. Haiwezekani kumshutumu mtu kwa kukiuka matini ambayo haijaandikwa, tena kwa ridhaa ya mwandishi wake.

Uaminifu wa mfululizo wa pili nao ulitegemea majira. Sura ya mwisho ya manga ilitoka Juni 2010, na sehemu ya mwisho ya anime ikaonyeshwa Julai 2010. Hivyo basi, sifa ambayo mashabiki huihesabu kuwa ubora wa kisanaa ni, kwa sehemu kubwa, tokeo la kalenda ya uchapishaji.

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili hawatashangazwa na hali hii. Kisa cha Fumo Liyongo kilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na kikatungwa kama utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mhakiki makini hauhukumu utendi huo kwa kipimo cha nathari ya Steere. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Kisa cha Liyongo hakina mtunzi wa kwanza anayejulikana. Fullmetal Alchemist ina mtunzi aliye hai. Kwa hiyo fasihi simulizi haiondoi haki ya asili, bali inakumbusha tu kwamba kuorodhesha tofauti baina ya matoleo ni mwanzo wa uhakiki, si hukumu yake.

3.0 Muda na Majonzi

Hoja ya pili ya mashabiki ni ya mwendo. Watetezi wa mfululizo wa 2003 husema kwamba ule wa 2009 unaharakisha mwanzo wake. Mfano wao mkuu ni kifo cha Maes Hughes, afisa wa jeshi mcheshi anayemwonyesha kila mtu picha za binti yake mdogo. Katika mfululizo wa 2003 Hughes anauawa katika sehemu ya 25. Katika ule wa 2009 anauawa katika sehemu ya 10.

Tarakimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sehemu ya 25 kati ya 51 ni karibu katikati ya hadithi. Sehemu ya 10 kati ya 64 ni chini ya moja ya sita. Lakini katika manga, Hughes anakufa katika juzuu la 4 kati ya 27, yaani katika uwiano unaokaribiana sana na ule wa mfululizo wa 2009. Ikiwa huko ni kuharakisha, basi Arakawa naye aliharakisha. Anayeusifu mfululizo wa 2009 kwa uaminifu, kisha akaulaumu kwa kasi hii, anashikilia hoja mbili zisizokaa pamoja.

Hata hivyo, lalamiko lenyewe si la kupuuzwa. Uwiano ni jambo la karatasi. Huzuni ni jambo la muda. Mifululizo yote miwili ilionyeshwa kila wiki. Mtazamaji wa 2003 aliishi na Hughes kwa takriban nusu mwaka kabla ya kumzika, na sehemu za awali zilimwingiza nyumbani kwa afisa huyo siku binti yake anapozaliwa. Mtazamaji wa 2009 alipewa wiki chache tu. Aidha, watengenezaji wa mfululizo wa pili walikuwa na hadhira ambayo sehemu yake ilikwishaomboleza mara moja. Kile ambacho Hans Robert Jauss alikiita upeo wa matarajio kilikuwa kimebadilika. Yule aliyeuona ule wa kwanza huleta majonzi yake mwenyewe kujazia pengo. Yule asiyeuona hukutana na kifo cha mtu asiyemjua vizuri. Mashabiki wanaobishana kuhusu kasi mara nyingi wanabishana, bila kujua, kuhusu kumbukumbu zao.

4.0 Miisho Miwili ya Kanuni Moja

Mhimili wa hadithi katika matoleo yote ni kanuni ya alkemia: ili kupata kitu, sharti utoe kitu chenye thamani iliyo sawa. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wanajaribu kumfufua mama yao. Edward anapoteza mguu, kisha anatoa mkono ili kuiokoa roho ya mdogo wake aliyepoteza mwili mzima. Kinachoyatenganisha matoleo ni namna yanavyoihoji kanuni hiyo.

Katika mfululizo wa 2003, homunkulusi, viumbe wanaofanana na watu, huzaliwa kutokana na majaribio ya kufufua wafu yaliyoshindwa. Mmoja wao ana uso wa mama wa akina Elric. Uovu hapa ni kosa la mtu linalorudi nyumbani kwake. Adui mkuu, Dante, anaidhihaki kanuni yenyewe: watu wengi hutoa sawa wasipate sawa. Mwisho haumkanushi kikamilifu. Alphonse anarudishiwa mwili lakini anapoteza kumbukumbu za safari yao yote, na Edward anatupwa katika ulimwengu mwingine, Ujerumani ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Malipo yamezidi kilichopatikana.

Katika manga na mfululizo wa 2009, homunkulusi ni dhambi saba ambazo kiumbe mmoja amezitoa ndani yake ili ajikamilishe. Uovu umekuwa njama ya dola, na ushindi unahitaji muungano wa watu wengi. Edward anautoa uwezo wake wote wa alkemia ili ampate mdogo wake, na ndugu hao wanaiboresha kanuni: aliyepokea kumi aongeze moja yake, arudishe kumi na moja. Kanuni ya biashara inageuka kuwa kanuni ya ukarimu.

Kwa hiyo tofauti za msuko si upotovu. Asili ya homunkulusi katika kila toleo inaendana na mwisho wake: kosa la faragha linaishia katika hasara ya faragha, na njama ya umma inaishia katika mshikamano. Kila toleo lina mantiki yake ya ndani, na hapo ndipo pa kulipimia. Kwa kipimo hicho, mfululizo wa 2003 unauliza swali zito zaidi, lile la dunia isiyolipa haki, lakini ulimwengu wa pili unaletwa karibu na tamati bila maandalizi ya kutosha, na ilihitajika filamu ya mwaka 2005 kuyafunga yaliyoachwa wazi. Mfululizo wa 2009 unauliza swali jepesi kiasi, ila unalijibu bila kuacha uzi ukining'inia. Udhaifu wake ni kwamba takriban kila mwema anapata fungu lake.

5.0 Hitimisho

Mashabiki wanaochagua mfululizo wa 2003 wanathamini swali. Wanaochagua ule wa 2009 wanathamini jibu. Huo ni ubishi halali wa kihakiki, na unazidi kwa mbali ubishi wa nani alimfuata nani. Kwa mizani ya makala haya, mfululizo wa 2009 ni kazi iliyokamilika zaidi, na ule wa 2003 ni kazi ya lazima zaidi, kwa kuwa ndio pekee unaothubutu kuiacha hasara ibaki hasara.

Funzo kwa wanafunzi wa fasihi wanaochunguza riwaya zilizogeuzwa filamu, au tamthilia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, liko wazi. Jedwali la yaliyoachwa na yaliyoongezwa lina manufaa yake. Lakini tasnifu inayoishia kwenye jedwali hilo imefika pale wanapofika mashabiki waliokasirika, na mara nyingine imeachwa nyuma nao.