Dudumizi, Kekeo na Neno "Mwenyeji"

Istilahi ikishaingia katika kitabu cha kiada ni vigumu kuing'oa, kwa kuwa mwanafunzi huijibia mtihani, kisha huwa mwalimu akaifundisha. Hivyo yafaa tuyatazame maneno matatu ambayo mfasiri hukutana nayo kila aelezapo habari za ndege atagaye katika kiota cha mwenziwe: jina la ndege mwenyewe, neno kimelea, na neno mwenyeji. La kwanza husahihishwa kwa urahisi. La pili lavumilika. La tatu, kwa maoni yangu, linapotosha.

Familia ya Cuculidae ina spishi zaidi ya 140, na chini ya nusu yake ndizo ziwaachiazo wengine malezi. Mfasiri mwenye haraka hulikimbilia neno dudumizi, kwa sababu ndilo alilolisikia tangu utotoni. Lakini dudumizi ni wa jenasi ya Centropus. Hujenga kiota chake, huatamia mayai yake na hulisha makinda yake. Tena kwa dudumizi mweusi, Centropus grillii, ambaye wataalamu wamemchunguza katika bonde la Usangu, Mbeya, dume ndiye aatamiaye na kulisha, na jike mmoja huweza kuwa na madume kadhaa. Kumhesabu huyo miongoni mwa wanaotelekeza wana ni kumsingizia baba mwema. Dudumizi na abaki na jina lake, na wale watagao katika viota vya wengine tuwaite kekeo, neno ambalo tayari limo katika matumizi.

Tuchukue kekeo mmoja, Chrysococcyx caprius, aliyepewa jina hilo la pili na Boddaert mwaka 1783. Ni ndege mdogo, mgongo wa kijani unaong'aa kama shaba, na huzaliana sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, Tanzania na Kenya zikiwamo. Huwatagia zaidi mnana na jamaa zake. Jike hutaga yai moja katika kiota, pengine baada ya kuliondoa moja la mwenye kiota. Kinda lake kwa kawaida huanguliwa mapema, na baada ya siku chache husukuma nje kila kilichomo. Mnana humlisha aliyebaki.

Je, huyu ni kimelea? Neno hili latokana na kumelea, yaani kumea juu ya kitu kingine, nalo lawafaa sana minyoo na vijidudu vya malaria. Kekeo hamei juu ya mwili wa mnana wala hanyonyi damu yake. Anachokula ni kazi yake. Hata hivyo sishauri neno litupwe, kwani litakata uhusiano wa somo hili na elimu ya vimelea kwa jumla. Liongezewe tu: kimelea wa malezi. (Sikio la mwanafunzi litasikia "lea" mara mbili, ingawa mizizi ni miwili tofauti, mwalimu aliseme hilo mapema.) Lakini "ndege mvivu" lisikubaliwe kamwe katika maandishi ya sayansi. Jike anayevizia viota vya watu siku nzima ana kazi yake.

Tufike kwenye mwenyeji. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili limejaa hisani: mwenyeji hupokea, hukaribisha, hunufaika kwa ugeni. Mnana hakumkaribisha mtu. Kinyume chake, anapigana. Kwa mnana wa spishi ya Ploceus cucullatus, kila jike hutaga mayai ya rangi na madoa yake mwenyewe, yanayofanana baina yao lakini yakitofautiana na ya jirani, hata yai la kigeni huweza kutambulika na kutupwa. Ndege hao walipelekwa zamani na watu katika visiwa vya Hispaniola na Mauritius, ambako kekeo huyu hayupo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba huko mayai ya jike mmoja yamezidi kutofautiana baina yao, na ya majike mbalimbali yamezidi kufanana. Adui alipokosekana, alama zikafifia. Mwanafunzi aliyefundishwa "mwenyeji" atashindwa kuelewa alama hizo zilikuwa za nini.

Napendekeza mlezi. Najua pingamizi litakalotolewa: mnana aliyelitambua yai na kulitupa hajamlea mtu. Ni kweli. Kwa hiyo tuseme spishi mlezi tunapozungumzia aina nzima, na mlezi kwa yule tu aliyekwisha kulea. Aliyetupa yai aitwe mkataaji. Kiingereza hutumia neno moja kwa wote hao, na hatulazimiki kurithi upungufu huo.

Jambo moja wakati wa kusanifisha: tendo la kinda kusukuma mayai lisiingizwe ndani ya istilahi yenyewe. Makinda ya kekeo wa jenasi ya Clamator hayasukumi. Hukua pamoja na watoto wa mlezi na kushindania chakula. Na kinda la mlembe, yule ndege aongozaye watu kwenye asali, huzaliwa na ncha kali mdomoni, na kwa hizo huwauma makinda wenziwe hadi wafe. Kimelea wa malezi lawaenea wote watatu.