Pengo la Muvi, Riziki ya DJ

Muvi ya fedha haba hujulikana kwa urefu wa safari zake. Pikipiki inatoka mjini, inavuka daraja, inapanda mlima na kuteremka, na dakika tatu baadaye ingali njiani. Sababu yake ni hesabu tu: barabara haidai mshahara, jua halidai kodi, na mwongozaji asiye na pesa za kulipua jengo hupiga picha lami mpaka muda utimie. Ndivyo zilivyoundwa muvi za magenge ya pikipiki zilizozagaa Marekani baada ya Roger Corman kutoa The Wild Angels mwaka 1966 kwa takriban dola 360,000, akiwatumia wanachama halisi wa Hells Angels waliokuja na pikipiki zao wenyewe. Mtindo huo ulivuka hadi miaka ya sabini ukafika Australia, ambako Sandy Harbutt alitoa Stone mwaka 1974. Wahakiki wengi waliziona safari zile kuwa ushahidi wa uvivu. Mtu aliyekulia katika vibanda vya video vya pwani ya Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, ana haki ya kuziona vingine. Vibanda hivyo vimeshiba zaidi kungfu na komando kuliko pikipiki, lakini kanuni ni ile ile: dakika ambayo muvi imeishiwa na la kusema ni dakika ya DJ, msimulizi anayezungumza juu ya picha. Ninachodai hapa ni kwamba kusimulia muvi juu ya picha ni ufundi kamili wenye kanuni zake, na kwamba ufundi huo huhitaji muvi pungufu kama vile mshairi anavyohitaji mshororo wenye mizani: nafasi yenye mipaka, iliyoachwa wazi ili mtu aijaze.

Nchini Kenya ufundi huu unatambulika kwa jina moja kuliko yote, DJ Afro, ambaye sauti yake imesafiri kwa diski, kwa mabasi ya masafa marefu na sasa kwa simu. Dar es Salaam ilikuwa na Kapteni Derek Mukandala, mwanajeshi aliyejulikana na watazamaji kwa jina la Lufufu. Kampala ina VJ Jingo na wenzake wengi. Kazi yao huitwa kutafsiri, lakini tafsiri ni sehemu ndogo sana yake. DJ huanza kwa kuwabatiza watu: mhusika ambaye muvi imemwita kwa jina gumu la Kichina au la Kiitaliano hupewa jina linalotamkika, na ndani ya dakika mbili ukumbi mzima unajua nani stelingi na nani adui. Kisha hugawa sababu. Iwapo mwandishi wa muvi hakueleza kwa nini watu wanapigana, DJ atawapa deni, shamba la urithi au mchumba aliyenyang'anywa, na vita vitapata mzizi. Hutangulia tukio ili kulijaza hofu, au hulichelewesha ili kulijaza kicheko. Na panapotokea kufukuzana, hapo ndipo anapoonyesha uwezo wake wote, kwa kuwa picha inarudia jambo moja naye hana ruhusa ya kurudia. Barabara ya California inaweza kugeuka ikawa ya kutoka Mnarani kwenda Kibaoni, mjini Kilifi, dereva akatahadharishwa kuhusu matuta, na mtazamaji anayeendesha bodaboda akajua kwamba ameonekana. Matthias Krings, mtafiti wa Kijerumani aliyeichunguza sanaa hii Tanzania, aliipa makala yake kichwa kinachosema ni kugeuza mchele kuwa pilau. Kila mtu wa pwani anajua kwamba pilau haipikwi kwa wali uliokwisha kuiva na kuungwa.

Sauti inayozungumza juu ya picha haikuzaliwa na mkanda wa video. Wajapani walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia enzi za filamu bubu na kupendwa na watazamaji kuliko baadhi ya waigizaji. Kwetu sauti hiyo ilitangulia kuja kwa sura ya serikali. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba, na maelezo yake yakapigwa kwa sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Miaka michache baadaye, William Sellers wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni alishikilia kwamba mtazamaji Mwafrika anapaswa kupewa picha za polepole zisizokatwakatwa, kwa madai kwamba akili yake haiwezi kufuata mruko kutoka picha moja hadi nyingine. Kibanda cha video kimelijibu dai hilo bila kuandika waraka. Mtazamaji wa Malindi hufuata kwa wakati mmoja picha inayokatwa mara nne kwa sekunde kumi, sauti ya asili inayosikika kwa mbali, maneno ya DJ, na kejeli za jirani yake kwenye benchi. Kinachomtofautisha na msikilizaji wa santuri ni uwezo wa kujibu. Santuri ilimwambia la kufanya. DJ humwambia kinachotokea, naye ana uhuru wa kubisha.

Pwani hii ilikuwa na mwalimu mwingine wa sauti hiyo, naye ni redio. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza mpira kwa miongo kadhaa kwa watu wasiouona uwanja. Kazi ya mtangazaji wa redio ni kuumba picha palipo na maneno tu. Kazi ya DJ ni kuumba maneno palipo na picha tayari, na huenda ni ngumu zaidi, kwa kuwa msikilizaji wake ana macho na atamshika akidanganya. Hapa ndipo kanuni ya kwanza ya ufundi huu ilipo: DJ anaweza kubuni sababu, jina, mawazo na historia, lakini hawezi kubuni tendo. Akisema stelingi amepigwa risasi ilhali watu wamemwona akiruka dirisha, ameshaupoteza ukumbi. Anapewa uhuru juu ya mambo yasiyoonekana, na uhuru huo hupimwa kwa uaminifu wake kwa yanayoonekana.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini muvi ya gharama kubwa humkaba. Muvi ya mamia ya mamilioni ya dola imekwisha kununua kila kitu: muziki unaokuambia ulie lini, mazungumzo yanayoeleza kila nia, milipuko inayofunika kila kimya. DJ akiingia humo, ama atagombana na sauti hizo ama atazitafsiri kama mkalimani wa mahakama. Muvi ya fedha haba, kwa upande wake, ina wahusika wasioelezwa, ina pengo kati ya tukio na tukio kwa sababu siku ya kupiga picha iliisha, ina mwigizaji aliyesimama tu akiangalia upeo wa macho. Mapengo hayohayo yamewanufaisha mafundi wengine pia. László Kovács, mpigapicha mkuu wa Hells Angels on Wheels ya mwaka 1967, ndiye aliyepiga Easy Rider mwaka 1969. Alikwisha kujifunza katika kazi za bei ya chini namna ya kuifanya barabara tupu isimulie yenyewe. George Miller, daktari wa Australia, alitengeneza Mad Max ya mwaka 1979 kwa bajeti ndogo akitumia waendesha pikipiki wa kweli. Upungufu uliwalazimisha watu hao kutafuta mbinu. DJ ni fundi wa mwisho katika mnyororo huo huo, isipokuwa yeye huanza kazi wakati wenzake wamekwisha kwenda nyumbani.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote umetoka Wakaliga, mtaa wa Kampala. Isaac Nabwana amewahi kusimulia kwamba utotoni alizijua muvi kwa kusikia kaka zake wakizieleza. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, muvi ya mapigano ambayo inasemekana haikufikia gharama ya dola 200, silaha zake zikiwa za vyuma chakavu. Toleo linalotazamwa leo duniani lina sauti ya VJ Emmie kutoka mwanzo hadi mwisho, akisifu, akidhihaki, akishangilia na kuahidi vita vijavyo. Nakala ya asili isiyo na sauti hiyo imepotea. Kwa hiyo huwezi tena kuitoa muvi katika maneno ya msimulizi ukaonja iliyo safi, maana iliyo safi haipo. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walioipenda waliipenda ikiwa hivyo. Kilichochukuliwa kuwa kiraka cha watu wasiojua Kiingereza kimegeuka kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kusifia takataka, na kwamba muvi mbaya hubaki mbaya hata ikisimuliwa na malaika. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ziko muvi za bei ya chini zisizo na pengo wala ujazo, zilizochosha kila kona, na DJ mzuri huzijua na kuziacha. Uteuzi ni sehemu ya ufundi. Lakini kipimo cha ubaya kinachotumika hapa kimekopwa kutoka kwa jumba la sinema ambamo mtazamaji hukaa kimya gizani na kupokea. Kwenye kibanda muvi ni nusu ya onyesho, na nusu ya kitu haihukumiwi kana kwamba ni kizima. Yule anayejua Kiingereza vizuri na bado akachagua toleo la DJ hajakosa elimu. Amechagua onyesho lililokamilika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ni wizi. Muvi nyingi zinazosimuliwa hazina idhini ya wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haiwaachi huru wanaozinakili na kuziuza. Kuonyesha hadharani muvi ambayo haijapangiwa daraja ni kosa la pili, na kuwaingiza watoto kwenye muvi za damu usiku ni kosa ambalo halihitaji sheria ili lionekane. Siwatetei. Ninachokataa ni kuuhukumu ufundi kwa mazingira ulimozaliwa. Nabwana amekwisha kuonyesha njia, kwa kumwajiri msimulizi ndani ya muvi yake mwenyewe. Njia nyingine ni muvi za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha au haikuwahi kushika: Night of the Living Dead ya George Romero ya mwaka 1968, iliyotengenezwa kwa bajeti ndogo, ilianguka mikononi mwa umma wa Marekani kwa sababu msambazaji alisahau kuweka tangazo la hakimiliki alipobadilisha kichwa. Na muvi nafuu ni nafuu pia kununuliwa haki zake za kusimuliwa. Mtu anayetaka kufanya kazi hii kwa halali hatakosa malighafi.

Pingamizi la tatu hutoka nyumbani, na hutolewa na wenye Kiswahili chao. Lugha ya ma-DJ wetu, husema, ni ya Nairobi, imejaa Sheng, na inawaharibu watoto wa Malindi ambao bibi zao walitamka kila neno kwa adabu. Malalamiko hayo yana ukweli kuhusu hali ilivyo, ila yanakosea kuhusu dawa yake. DJ husema lugha ya mtaa wake kwa sababu anajibu mtaa wake. Ukitaka aseme lugha ya pwani, mpe pwani imjibu. Eneo hili lina watu waliozoea kujibizana kwa mafumbo katika mashairi na taarab, na wazee wa Kigiriama wanaojua kushika hadhira kwa ngano usiku kucha. Msimulizi anayeweza kumtupia adui fumbo badala ya tusi, akabadili mwendo wa sentensi pikipiki inapoingia kona, angekuwa na silaha ambayo mwenzake wa Nairobi hana. Kulalamika kwamba ufundi umekuja kwa lafudhi ya bara ni kukiri kwamba pwani imeuacha mlango wazi.

Kwa hiyo wanaotoa mafunzo ya filamu kwa vijana wa Kilifi wangefanya vyema kuwapa maikrofoni pamoja na kamera. Kamera inahitaji taa, usafiri na waigizaji wa kulipwa. Maikrofoni inahitaji jicho, sikio na akiba ya maneno, na vipimo vyake vinajulikana: je, alilosema linakubaliana na linaloonekana, je, alijaza pengo au alifunika kilichokuwa kizuri, na je, aliweza kunyamaza pale ambapo muvi, kwa mara moja, ilikuwa na la kusema yenyewe? Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachowashinda wengi, na ndicho kinachomtofautisha fundi na mpiga kelele.